Mwenye Nyumba Aliyejikaribisha Mwenyewe

Waliokuwepo siku nyumba ile inakodishwa walikuwa watu sita, na waliotusimulia kisa hiki wamewataja wote kwa majina, asije mtu akasema ni maneno ya kuokota njiani. Alikuwepo Shehe Shaame bin Vuai, mwenye nyumba, mcha Mungu aliyeswali safu ya kwanza kwa miaka arobaini. Alikuwepo Faki bin Makame, fundi wa kuchonga vitanda, aliyefundishwa na Shehe tangu utotoni, naye ndiye mpangaji. Alikuwepo mkewe, Bi Mize, mjamzito wa miezi sita, amekaa nyuma ya pazia. Alikuwepo Kadhi Mwinyimvua, aliyesoma masharti. Alikuwepo Mwinyi Kheri mwadhini, aliyeitwa kuwa shahidi. Na alikuwepo Bi Tufaha, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuitwa na mtu lakini alikuja. Mwenyezi Mungu awarehemu wote sita.

Inasimuliwa kwamba mji wao ulikuwa mji wa kale wa visiwani, wa nyumba za mawe na chokaa zilizobanana, hata mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya tatu humwombea rehema. Desturi yao ilikuwa kwamba nyumba haikodishwi mpaka mwenyewe azunguke na mpangaji chumba hadi chumba, ataje kwa sauti kila aibu ya nyumba ile, mashahidi wasikie.

Wenye nyumba wengi walipita mbio katika kazi hiyo, wamesimama mbele ya ufa ili usionekane. Shehe Shaame hakupita mbio.

"Mlango huu hukwama wakati wa masika," alisema. "Dari ya chumba cha nyuma huvuja mvua ikitoka kusini. Tundu hili la panya nimeliziba mara tatu, na panya ni walewale." Walipofika uani akainama kisimani. "Na maji haya huwa na chumvi kidogo mwezi wa kiangazi. Si ya kunywa mjamzito. Nitaleta ya kwangu."

Mwinyi Kheri mwadhini alitokwa na machozi. Alisema, "Watu wanaficha nyufa kwa chokaa, na huyu anazionyesha kwa kidole!"

Kisha Kadhi akasoma. Muda ni mwaka mmoja. Kodi ni pishi mbili za mafuta ya nazi kila mwezi, kwa taa za msikiti, kama Shehe mwenyewe alivyotaka. Dari, kuta na kisima ni juu ya mwenye nyumba kuvitengeneza. Kufagia na kutunza ni juu ya mpangaji. Hakuna wa kuvunja ahadi kabla ya mwaka, ila kwa udhuru utakaokubaliwa mbele ya Kadhi.

"Na manufaa ya nyumba hii tangu leo ni ya Faki na ahali yake," akamaliza. "Kuta ni zako, Shehe. Kukaa ndani yake ni kwao. Umesikia?"

"Nimesikia na nimeridhia," akasema Shehe, akatia mkono wake kwa wino.

Nyuma ya pazia Bi Mize alimshukuru Mola. Alikuwa ameishi miaka miwili katika chumba kimoja kwa mama mkwe wake, pamoja na mawifi watatu, na siku ile kwa mara ya kwanza alishika ufunguo. Alilala usiku huo akiwa ameuweka chini ya mto.

Asubuhi yake, kabla jua halijapasha mawe ya uani, Shehe Shaame alikuwa ndani.

Na msidhani aliingia bila hodi. La! Mtu kama yule hakosi adabu ya dini. Alipiga hodi. Ila hodi yake ilikuwa hivi: alisukuma mlango kwa bega, akasema kwa sauti nzuri ya kuimba, "Hodi hodi, karibu!" Yote kwa pumzi moja. Akaomba ruhusa na akajipa, na kufikia neno la mwisho tayari mguu wa pili ulikuwa umevuka kizingiti.

Bi Mize, aliyekuwa amechuchumaa akifua, nywele wazi, shuka imepandishwa magotini, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akakimbilia chumbani.

"Usijisumbue, mwanangu," Shehe alimwambia, uso ameugeuzia kisimani. "Nimeleta maji matamu tu." Akaweka mtungi. Akaona kinu. "Aa, kinu kimewekwa hapa? Siku zote kilikuwa pale." Akakibeba, mzee wa miaka sabini na mbili, akakiweka pale. Kisha akaondoka, anamsifu Mola.

Siku ya pili alileta mbaazi. Akaona mafiga ya Bi Mize yamewekwa karibu na asumini iliyopandwa na marehemu mkewe, akayahamisha, moshi usije ukaikausha. Siku ya tatu alikuja kutazama kama maji matamu yamekwisha. Siku ya nne alikuja kwa sababu siku ya tatu alisahau bakora. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, akaja kuwatakia Ijumaa njema.

"Faki," alisema Bi Mize jioni ile, "kinu changu kimesogezwa mara nne. Nakitoa, anakirudisha. Mimi na Shehe tunacheza bao la kinu."

"Ni mzee," akasema Faki. "Anatupenda."

"Najua anatupenda! Nimesema hatupendi? Nasema mwambie asiingie."

"Mimi nimwambie Shehe Shaame asiingie nyumbani kwake?"

"Nyumbani kwa nani?"

 Faki alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kunyamaza. "Amenifundisha tangu alifu," alisema mwishowe.

"Na katika herufi zote hizo hakuna iliyokufundisha kufunga mlango?"

Basi Faki akafunga mlango. Alitia komeo kwa ndani, akaliwekea na kabari ya mti wa kitanda. Asubuhi Shehe alisukuma, mlango ukakataa. Bi Mize, yuko uani na beseni lake, akashusha pumzi na kusema alhamdulillahi. Hakuwa amemaliza kulisema alipoisikia sauti ile nzuri nyuma yake, upande wa jikoni: "Hodi hodi, karibu! Mlango wa mbele umekwama, mwanangu, si niliwaambia? Nimepita wa nyuma. Komeo lake hufunguka kwa kijiti, nililitengeneza mwenyewe."

Na siku hiyohiyo alikuja na randa, akaupunguza mlango wa mbele usikwame tena.

Bi Mize alipeleka malalamiko yake kwa Bi Tufaha, maana palikuwa karibu. Bi Tufaha alikuwa anapeta mchele. Hakuuacha ungo.

"Mwenye nyumba wa dada yangu," alisema, "hajaonekana tangu mwaka juzi. Dari imeanguka juu ya kitanda. Wametuma watu watatu kumwita, kajificha kwa mke mdogo. Wewe wako anakuletea mbaazi, nawe unalia?"

"Sililii mbaazi, mama."

"Umepewa nyumba, na malaika ndani yake. Unataka nini tena?"

"Nataka malaika asubiri nimwitikie."

"Malaika hawapigi hodi, mwanangu."

"Basi huyu si malaika. Ni mwenye nyumba."

"Astaghfirullah," akasema Bi Tufaha, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba mke wa Faki hana shukrani. Walipokutana naye njiani walimwombea dua ya kuongoka, tena mbele yake, kwa sauti. Mmoja alimshika mkono na kumwambia avumilie. Alipouliza avumilie nini, yule mwanamke akasema, "Huo moyo wako."

Ikapita miezi mitatu ya namna hiyo, naye akavumilia. Wakati wa kuoga alijifunza kuoga kwa sikio moja liko mlangoni. Wakati wa kulala mchana alilala amejifunika ukaya kichwani, kama msafiri. Nasi tusimdharau kwa kusema ni jambo dogo. Mtu akikosa mahali pa kuvua ukaya wake, amekosa nyumba, hata kama ana ufunguo chini ya mto.

Kisha Mola akawajaalia mtoto wa kike, wakamwita Raya. Bi Mize akaingia arobaini yake. Mkunga alimwagiza alale, akandwe kwa maji ya moto, anyonyeshe, asishtuke. Hilo la mwisho alilisema mara mbili: asishtuke, kwa sababu maziwa ya mama huufuata moyo wake, na moyo ukikimbia maziwa hukimbia nao.

Shehe Shaame alifurahi kuliko babu wa damu. Kila asubuhi alipika kwa mkono wake uji wa mtama, ukatiwa pilipili manga na mafuta ya samli, uji wa mzazi, mzuri kweli, akaufunika kwa kawa na kuupeleka mwenyewe ungali moto. Aliogopa kuchelewa, usije ukapoa. Kwa hivyo hodi yake ikawa fupi zaidi.

Siku ya kumi na mbili aliingia akamkuta Bi Mize katika baraza ya ndani, kifua wazi, amepakwa mafuta, mtoto yuko titini.

Shehe aligeuka upesi akatazama ukuta. "Sikuona, mwanangu, wallahi sikuona," akasema. Mtu mwingine angetoka. Shehe, kwa kutaka kumwondolea haya, alibaki vilevile, pua karibu na chokaa, bakuli mkononi, akaanza kuueleza ukuta habari za mfereji wa maji machafu, kwamba una jani limeziba, kwamba atalitoa kesho, kwamba mfereji mzuri hutaka mteremko.  Bi Mize alikuwa ameinama juu ya mtoto, amejikunja asionekane, analia bila sauti. Mtoto akaliacha titi, naye akaanza kulia, na yeye alilia kwa sauti.

Tangu siku ile maziwa yakapungua. Kila alipomweka mtoto titini masikio yake yalikwenda mlangoni, na mtoto alivuta, akaacha, akalia. Siku ya ishirini mkunga alimpima Raya kwa mikono yake miwili na uso wake ukabadilika. "Huyu anarudi nyuma," alisema.

Bi Mize akamwambia mumewe, "Baba Raya, ukifika mwisho wa wiki hii hujamwambia, mimi nachukua mwanangu nakwenda kwa mama yangu. Chumba cha mama ni kimoja, lakini anayeingia humo ni mama."

"Na mkataba? Tumeweka ahadi ya mwaka."

"Mkataba umevunjwa siku ya pili, mume wangu. Umevunjwa kwa mbaazi."

Faki akajifunga kibwebwe cha moyo, akaenda. Akarudi na jogoo.

"Nini hiki?"

"Kanipa. Nilianza kusema, 'Shehe, kuna jambo la nyumba,' akasema, 'Najua, mzazi anataka supu.'"

Akamtuma tena. Akarudi saa nzima baadaye, ameahidiwa dari mpya. Akamtuma mara ya tatu. Safari hii alirudi mikono mitupu, macho mekundu, akasema Shehe amemwombea dua ndefu sana ya baraka, na katikati ya dua mtu hawezi kukata neno.

Bi Mize alimtazama, akamtazama jogoo aliyekuwa amepanda juu ya kinu, akasema, "La haula wala kuwwata illa billah. Nitakwenda mwenyewe."

Akasubiri arobaini iishe, kwa kuwa ndiyo desturi. Siku ya arobaini na moja alijifunga ukaya, akatoka. Faki alifuata nyuma yake amebeba mtoto, amemshika kama ashikavyo mguu wa kitanda uliopakwa rangi mbichi. Na nyuma ya Faki alifuata Bi Tufaha na nusu ya mtaa.

Kadhi Mwinyimvua alikuwa akihukumu katika ukumbi mdogo ubavuni mwa msikiti. Na kulia kwake, juu ya mkeka, alikaa Shehe Shaame mwenyewe, maana Kadhi hakuwa akikata jambo gumu bila kumshauri. Alipomwona Bi Mize akatabasamu na kusogea kumpa nafasi.

"Una shauri gani, mwanangu?" akauliza Kadhi.

"Nina mashitaka, Bwana Kadhi. Juu ya mwenye nyumba wangu."

Ukumbi ukavuma. Mtu mmoja akasema, "Kwa lipi? Kwa uji?" Watu wakacheka.

Kadhi hakucheka, lakini alikunja uso. "Bi Mize, mimi namjua Shehe kabla hujazaliwa. Ameongeza kodi? Hajatengeneza dari? Amewatoa nje? Unakuja kumshitaki kwa wema?"

 Bi Mize alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, hajapata kusema mbele ya wanaume. Lakini Raya alilia kidogo mikononi mwa baba yake, kilio chembamba cha mtoto asiyeshiba, naye akakisikia.

"Wema wake naukiri wote," akasema. "Ameleta maji, mbaazi, uji na jogoo. Ametengeneza mlango. Sina neno na moyo wake, Bwana Kadhi, na Mola anajua kwamba namwombea. Nina neno na miguu yake. Inaingia kabla sijaiitikia. Nimekaa miezi minne na nusu sijavua ukaya kwa amani, na sasa maziwa yangu yanakauka na mwanangu anapungua. Ulisema manufaa ya nyumba ni yetu. Basi nataka kujua: kukaa kichwa wazi ndani ya nyumba, si katika manufaa?"

Hakuna aliyecheka tena. Kadhi akamgeukia Shehe, kwa taadhima.

"Shehe, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba Mola ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na tujibiwe. Unapokwenda kwao, unapiga hodi?"

"Kila siku," akasema Shehe. Alikuwa ameshangaa, hajakasirika. "Sijapata kuingia bila hodi maishani mwangu. Waulize."

"Anapiga," akasema Bi Mize. "Hilo ni kweli."

"Na nani anakujibu?" akauliza Kadhi.

Shehe akafungua kinywa chake ajibu. Kisha akakifunga. Watu waliokuwepo wanasema walimwona anatafuta, kama mtu apapasaye mfukoni kitu alichokuwa na hakika nacho. Angeweza kusema, "Mke wa Faki." Nani angemkanusha Shehe Shaame? Angeweza kusema, "Sikumbuki," na umri wake ungemshuhudia. Mji mzima ulikuwa upande wake, na neno moja lingemtosha.

"Najijibu mwenyewe," akasema.

Pale nyuma mtu alicheka, akafinywa.

Shehe akaitazama mikono yake. "Wallahi sikujua mpaka uliponiuliza," alisema taratibu. "Mke wangu Bi Kazija alipokuwa hai, nilikuwa nikipiga hodi nikitoka msikitini, naye hunijibu kutoka jikoni. Alipofariki nikapiga hodi, pakawa kimya. Kimya kile, Kadhi, sikukiweza. Siku ya pili nikajijibu mwenyewe, ili nyumba isinyamaze. Nimeishi humo miaka minane najikaribisha. Nilipohamia kwa mwanangu na kuikodisha, hodi ilikuwa imekwisha kuniota ulimini."

Bi Tufaha akaanza kulia kwa sauti. Wanawake wakamgeukia Bi Mize na kumvuta ukaya. "Futa mashitaka," wakamnong'oneza. "Umeona sasa? Maskini mzee wa watu! Futa!"

Naye Bi Mize mwenyewe alikuwa analia, na alikwisha kufungua kinywa chake afute. Alikuwa hivyo, moyo wake mwepesi. Miezi minne na nusu ya hasira ilimtoka kwa pumzi moja. "Bwana Kadhi," akasema, "mimi sikujua. Nasamehe. Acha aje atakavyo."

"Usifute!" akasema Shehe, na sauti yake ikawa ile ya darasani, hata Faki akasimama wima na mtoto wake. "Usifute, mwanangu. Huzuni yangu ni yangu. Nyumba, mwaka huu, ni yenu. Kama ningeuza kikapu cha tende, kisha kila asubuhi nikaenda kwa mnunuzi nikala moja, mngeniitaje? Nanyi msingethubutu kuniita, kwa kuwa ni Shehe, na hapo ndipo ningeangamia. Nimeuza kukaa, na nikaendelea kukaa. Miaka arobaini nawafundisha watu adabu ya hodi, na katika mji mzima aliyenifundisha mimi ni huyu." Akamwelekea Kadhi. "Hukumu. Wala usinihurumie, maana nikihurumiwa nitarudi kesho na mbaazi."

Basi Kadhi akahukumu, na akaandika chini ya mkataba uleule. Mwenye nyumba atapiga hodi mara tatu na kungoja baina ya kila moja. Asipojibiwa na aliye ndani, atarudi alikotoka, asikasirike. Akitaka kutengeneza kitu, atatoa habari siku moja kabla, na mpangaji ndiye atakayechagua saa. Hataingia kwa mlango wa nyuma. Isipokuwa moto, au ukuta kuanguka, Mola atuepushe.

"Na kinu?" akauliza Bi Mize, anafuta macho.

"Kinu kipi?"

"Yeye anajua."

"Kinu kitakaa atakapo," akasema Shehe kwa unyenyekevu. "Ingawa pale palikuwa pazuri zaidi."

Kadhi akaandika kinu.

Nao wanasimulia kwamba kuhukumiwa kulikuwa kwepesi, uzito ulikuwa asubuhi ya kesho yake. Shehe alipika uji, akaufunika, akaenda. Alisimama nje ya mlango aliouranda kwa mkono wake, akasema, "Hodi." Akauma ulimi. Jirani mmoja aliyekuwa anafagia alimwona amekaza midomo kama mtu aliyeshikilia maji kinywani. Kimya. Akangoja, akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu.

Bi Mize alisikia zote tatu. Alikuwa amelala ubavu, mtoto yuko titini, ukaya umetupwa huko, na mtoto alikuwa anavuta kwa nguvu, anameza, anavuta. Kuinuka kungemkatiza. Angeweza kusema neno moja tu, na neno hilo lilikuwa limemjaa mdomoni kwa huruma. Lakini alijua akiita "karibu" atamshtua mtoto, na tena atajifunika, na mambo yatarudi. Akanyamaza. Wanasema hakuna jambo lililomgharimu zaidi ya kunyamaza kule, hata kule kusimama mbele ya Kadhi.

Shehe Shaame akageuka. Akarudi mtaa mzima na bakuli lake, mzee mwenye kilemba cheupe aliyezuiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe, na watu wakamwona. Mwinyi Kheri alimkuta kwenye kona akamwuliza kwa uchungu, "Wamekukatalia, Shehe?"

"Hawakunijibu," akasema Shehe. "Si kitu kimoja. Shika uji huu, unywe, haujapoa sana."

Akarudi vivyo hivyo siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne alasiri, mtoto ameshiba na kulala, Bi Mize ameoga na kuchana nywele bila haraka, hodi ikapigwa. Ya kwanza ikampata anatafuta ukaya. Ya pili ikampata anajifunga. Akasubiri ya tatu, si kwa kumwadhibu, bali alitaka afike jikoni kwanza. Akasimama pale penye mafiga yake, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka njiani:

"Karibu, baba! Karibu ndani!"

Hakuna aliyeingia. Bi Mize akangoja. Mwishowe akaenda mwenyewe, akafungua, akamkuta Shehe Shaame amesimama nje ya kizingiti, bakuli mkononi, machozi yamelowesha ndevu, hawezi kuinua mguu. Basi akampokea bakuli, akaliweka chini, akasimama naye palepale mlangoni mpaka alipoweza.

Ndugu zangu katika imani, mtu mbaya akituingilia twajua kumwita dhalimu, na Kadhi yupo. Taabu ni kwa mtu mwema, ambaye hakuna anayemwambia, mpaka wema wake ukawa mzigo juu ya kichwa cha mwenziwe. Bi Mize alisema kweli palipokuwa na aibu kuisema, na Shehe Shaame aliikubali palipokuwa rahisi kuikana. Tumwombe Mola atupe ulimi wa yule na sikio la huyu. Na mwenye nyumba, awe na kuta kumi, akumbuke kwamba ruhusa ya kuingia imo mdomoni mwa aliye ndani.

Faki na Bi Mize walikaa katika nyumba ile miaka kumi na moja, na mkataba waliuandika upya kila mwaka.